Simu ya Kava la Bluu

Macho ya Mama Pindo ni mazima! Yaani mazima kabisa, anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga, na hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote mtaani kwetu. Sasa kaa vizuri, maana utamu wenyewe una uchungu ndani yake.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina alilipata kwa pindo zake, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Kazi anapata kwa simu: anapiga picha gauni, anamtumia mteja, mteja anajibu bana kiuno, achia mkono. Simu yenyewe ukimuuliza ni aina gani, anakwambia, "Ya kava la bluu." Kwao wote ndiyo hivyo. Ya bluu ni ya dada, ya waridi ni ya mdogo wake, Msusi wa saluni ya mlango wa pili, na nyumba wanakaa moja.

Siku moja Msusi akamwambia, "Dada, simu yako imejaa takataka, niachie niisafishe." Ikarudi jioni na kava lake lilelile, picha zake, laini yake. Mdogo wake wa tumbo moja, angeshuku nini?

Basi tangu hapo ni ukungu. Picha za nguo zinatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Wateja nao wakaanza, "Fundi, hii ni zambarau au nyeusi?" Akitazama kioo cha simu anaona giza giza. Akamfuata mdogo wake saluni, akamnong'oneza jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine.

"Naona macho yananiacha."

Msusi akaendelea kusuka. "Ni umri, dada. Ndiyo hivyo tena."

Jamani, fundi bila macho ni nini? Mama Pindo akaacha kutarizi. Kola za maua, kazi anayoipenda kuliko zote, akawa anawapelekea mafundi wa ng'ambo ya barabara. Sindano hakuigusa, aliogopa kujua kama tundu bado analiona. Akafika hadi kuulizia nani atainunua cherehani yake.

Halafu simu ikaanguka, kioo kikapasuka. Akaenda kwa mama muuza simu, yuleyule aliyemuuzia.

"Nataka kioo."

"Cha simu gani?"

"Ya bluu."

Muuza simu akacheka mpaka akakaa. "Bluu ni kava, mwenzangu. Hata ndoo yangu ni ya bluu." Akalivua kava, akaingia Mipangilio, akashuka mpaka Kuhusu Simu. Kicheko kikakatika. "Mimi nilikuuzia toleo la Saba. Hii ni Tatu. Umbo ni moja, ila kamera yake ni ya hovyo na kioo chake kina giza. Nani kakubadilishia?"

"Kwa hiyo hata wewe unaona giza?"

"Humu kila mtu anaona giza."

Akatoka pale. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Maana simu ile ilishikwa na mtu mmoja tu.

Saluni, Msusi alikuwa anampiga picha mteja. Mama Pindo akanyoosha mkono. "Nipe hiyo ya waridi." Mipangilio, Kuhusu Simu, kidole sasa kinajua njia. Saba.

Msusi hakukana. "Dada, wewe simu ni kupokea na vipicha vya pindo. Mimi wateja wangu wanataka kuonekana. Saba ungeifanyia nini?"

"Sikuulizi simu. Nilisimama hapa nikakwambia naogopa kupofuka."

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akajifanya anatazama dari.

Mama Pindo akaendelea, "Ungesema tu, 'Dada, macho yako hayana shida.' Simu ungebaki nayo."

"Ningesemaje bila kujitaja?"

Mama Pindo akachomoa laini ya Msusi, akaiweka mezani kando ya kitana, akaondoka na Saba.

Kola za maua ameanza tena, nzuri balaa. Ila nyumbani kila mtu anakunywa chai chumbani kwake, na siku Mama Pindo akiumwa kichwa anaenda kumwambia muuza simu, si mdogo wake.

Tafadhali, ingia Mipangilio, fungua Kuhusu Simu, ijue simu yako kwa jina lake. Halafu mtumie habari hii mama yako, shangazi yako, na dada yako.