Nikicheza gemu la mpira, mpira wenyewe siutazami

Vijana mliomo humu jukwaani, na ninyi mnaoitana wakuu, marahaba. Nimeitikia kabisa maana najua hamtaniamkia.

Mimi ni bibi wa Nakwa, hapa Babati. Shule niliishia la nne. Ninayosimulia sijatia chumvi. Mjukuu wangu Rehema yumo humu, kama naongopa na abishe.

Huyu Rehema ni fundi cherehani, ndiye aliyeleta mashine ya gemu nyumbani. Nilimgombeza sana. Siku moja akanipa pedi ya kuchezea nishike, basi!

Tangu magoti yaninyime kwenda na ng'ombe malishoni, sikuwa nimepata kitu cha kunichemsha damu namna ile.

Sasa nina tabia zangu nikicheza. Navua kandambili. Fimbo ya kuchungia naiweka mapajani. Wachezaji wangu nawapigia mluzi. Najua hawasikii, lakini mdomo hautulii.

Na mpira siutazami.

Hiyo ndiyo ilimkera Rehema. "Bibi, tazama mpira! Huko pembeni unatafuta nini?"

Jumamosi nilibonyeza pedi mpaka kitufe kikazama. Akachoka na mimi.

"Mke mwenza, tucheze mechi moja. Nikikufunga, pedi hushiki tena."

"Na nikikufunga mimi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ukinifunga, agiza unalotaka humu ndani."

Jamani! Nirudi kukaa kibarazani kutazama bajaji zinavyopita? Mimi?

Akanifunga mapema. Mama yake akaacha kuchambua maharage, akaja mlangoni na ungo wake. Nikarudisha kwa kona, nilivyoipiga hata sijui. Moja moja. Zikabaki dakika mbili za mashine.

Rehema akawa anauchezea mpira mbele ya goli langu, chenga huku, chenga kule. "Leo unaachika, mke mwenza!"

Macho yangu mimi yako kushoto. Kuna mchezaji wake ananyemelea peke yake, taratibu, kama mtamba anayejifanya anakula majani kumbe anasogelea mahindi ya watu.

Nikapiga mluzi. Nikampeleka beki wangu pale kabla mpira haujaja.

Mpira ukaja. Ukamkuta beki wangu kasimama anausubiri!

Nikaupiga mrefu mbele. Rehema alishawapandisha watu wake wote, nyuma kabaki kipa tu, na kipa mwenyewe kazubaa, mpira ukampita.

GOLI!

Nilisimama bila kushika kiti, magoti yalisahau kuuma. Mama Rehema alipiga vigelegele, ungo ukamponyoka, maharage sebule nzima. Rehema akaweka pedi yake chini. "Bibi, ulimwonaje yule?"

Nikamwambia, na ninyi nawaambia, maana ndilo nililojifunza: ng'ombe unayemtazama hali shamba la mtu. Anayekula ni yule uliyempa mgongo. Nimechunga tangu sijaota meno ya ukubwani, nikadhani kazi ile imeisha na magoti. Haikuisha.

Haya, semeni na ninyi tabia zenu mkicheza, msione haya. Ila atakayeanza bila shikamoo simjibu.

Na agizo nililotoa nyumbani jioni ile ni hili: Bibi akishika pedi, asiwepo wa kusema "tazama mpira." Mwenye mdomo unaomwasha aende akafunge ndama.