Walifunga kwa Ajili ya Denise

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue, huku ugenini, siri haikai. Ilijengwa kwa familia moja, sasa tumo familia sita na jiko moja, na ukikaanga kitunguu kila mtu anajua unapika nini. Kwa hiyo Denise na mumewe Octave waliponunua sanduku jipya la safari, habari ilifika kanisani kwao kabla sanduku halijafika chumbani.

Mimi si wa kanisa hilo. Mimi ni Zabibu, mtu wa Tanga, nauza madera na vitenge mjini, na swala zangu naswali mwenyewe pembeni ya kabati. Lakini nimekaa na Wakongo muda mrefu, nawajua walivyo. Denise ni msusi, mtoto wa Butembo, mkono wake mwepesi mpaka wewe unasinzia akikusuka. Octave ni mlinzi wa getini kwenye maghorofa ya watu wenye nazo. Ndoa yao ni ya siku nyingi na mtoto hawajajaliwa. Ukimtaja Denise kwa mtu yeyote wa kanisa lile, hilo ndilo la kwanza atakalokwambia, kabla hata ya jina la mumewe.

Kanisa lao liko juu ya jengo kuukuu katikati ya mji, zamani lilikuwa duka la fanicha. Kila Jumapili lazima mama mmoja amwekee Denise mkono tumboni amwombee. Si kanisani tu. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya teksi, watu wamejipanga na vifurushi vyao, mwanamke wa kanisa lao akamwona, akamshika tumbo palepale akaanza kukemea mapepo. Mimi niliona aibu kama vile ni tumbo langu. Denise alisimama tu ameinamisha kichwa. Usiku ule ule tukichambua mboga akaniambia, "Dada Zabibu, hili tumbo haliko yangu tena. Liko ya kanisa."

Safari yenyewe ilikuja kama zawadi. Kwenye yale maghorofa anayolinda Octave kuna mzee mmoja ambaye kila mwaka alikuwa akienda na mkewe kupumzika Hua Hin, mji mdogo wa pwani huko Thailand. Mwaka huu mke akafariki na chumba kilishalipiwa. Mzee akamwita Octave, akamwambia yeye hana nguvu ya kulala peke yake kwenye kitanda kile, basi aende yeye na mkewe. Akawakatia na tiketi. Octave alirudi nyumbani siku hiyo akikosea hata njia ya chumbani kwake.

Sasa sikiliza kosa la watu wetu. Kwetu sisi mtu hapandi ndege bila sababu, na sababu tunazijua: mzigo, msiba au hospitali. Denise si mfanyabiashara. Hakufa mtu. Kilichobaki ni kipi? Tena Thailand, ambako kila mtu hapa ana binamu wa rafiki yake aliyekwenda kutibiwa akarudi anatembea. Hakuna aliyewaza kwamba mke na mume wanaweza kuvuka bahari kwenda kukaa tu. Hata mimi, nikubali, sikuwaza.

Aliyeuliza ni Mama Orpha. Huyu ni mjane, mtu mzima, anachoma mahindi kwenye stendi ya teksi mjini. Denise alipoolewa huku ugenini, mama yake mzazi akiwa Butembo, Mama Orpha ndiye aliyesimama kama mama, akampeleka kwa mume. Aliingia jikoni Denise akikoroga sufuria.

"Binti yangu, munaenda kuona munganga?" akauliza. Munganga kwao ni daktari.

Denise hakugeuka. "Mungu anajua, mama," akasema.

Sentensi hiyo moja. Haikuwa uongo na haikuwa kweli, na Mama Orpha akatoka jikoni amefunika mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka kwa furaha. Denise angeweza kumwita. Alikoroga sufuria mpaka chakula kikashika chini.

Wanawake wa kanisa lile wana desturi wanayoiita mnyororo. Mwenzao akiwa na jambo zito wanamfungia: hawali mchana kutwa, jioni wanaonja kitu kidogo, kesho yake tena. Na mnyororo haukatwi na mchungaji wala na kalenda. Anaukata yule aliyefungiwa. Akirudi na jambo lake anapika uji kwa mikono yake, anampa kila mmoja kikombe mkononi, na mwenye kufunga hamalizi funga yake mpaka akipokee kikombe kile. Mimi funga naijua, ya kwangu nangoja mwezi. Ya kwao inangoja mtu. Niliposikia wanamfungia Denise nikacheka, nikamwambia Mama Orpha mwezi una heshima kuliko watu, huwa unarudi. Naye ana vidonda vya tumbo, nikamkumbusha. Akaniambia nimwache.

Kule Hua Hin, kwa alivyonisimulia Denise mwenyewe, siku za kwanza zilikuwa asali. Kuna farasi wanatembezwa ufukweni, na stesheni ya treni ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu, wakaenda kuitazama tu kama watoto. Octave alikunja suruali mpaka magotini, maji yakimfuata anakimbia, mtu mzima mlinzi wa watu. Walikula samaki wa kukaanga mwenye pilipili na ndimu. Denise akaenda kukandwa miguu kwa mama mmoja wa Kithai. Mama yule hakumwuliza ana watoto wangapi. Alimwuliza kwa ishara kama anamkanda kwa nguvu mno. Denise akalia pale kitini, mama wa watu akashtuka akidhani amemvunja kidole.

Lakini chakula kikaanza kumkwama. Akishika kijiko anamwona Mama Orpha amesimama mbele ya moto, mahindi yananukia, na yeye hali. Anaweka kijiko chini. Octave anamwambia, kula, mke wangu, kutokula kwako hakutamshibisha mtu. Anakula. Baadaye anajichukia kwa kuwa kilikuwa kitamu.

Kama wangerudi siku yao, pengine nisingekuwa na hadithi. Mzee akawapigia simu: chumba kingali chao siku chache zaidi wakipenda, tiketi atazisogeza. Octave akamtazama mkewe. Denise alijua kabisa kwamba huku nyumbani wanawake wanahesabu asubuhi zao kwa ajili yake. Akasema tubaki. Akachukua simu, akaenda pembeni, akamtumia Mama Orpha sauti yake: "Mama, munganga anasema tungojee kidogo. Musichoke."

Sauti ile niliisikia. Mama Orpha alileta simu jikoni kwetu, akaiweka juu ya meza, wanawake wakainama kuisikiliza. Nyuma ya maneno ya Denise kulikuwa na mvumo unakuja na kurudi, unakuja na kurudi.

"Sikieni mashine," Mama Orpha akasema kwa sauti ndogo. "Bamemutia kwenye mashine, masikini."

Wenyewe ni watu wa milimani. Mimi nimezaliwa Tanga, na hakuna mashine duniani inayopumua namna ile. Nikatazama sufuria yangu. Mambo ya kanisa la watu nikayaacha kwa wenyewe.

Katika siku zile za nyongeza Mama Orpha alianguka. Alikuwa anageuza mahindi pale stendi, kizunguzungu kikampiga, akaangukia mkono kwenye jiko la mkaa. Madereva wa teksi ndio waliomwinua. Aliporudi na mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko, wenziwe wakataka kumwarifu Denise. Akawakatalia. Alisema wakimwambia ataacha matibabu aje, na kazi yote itakuwa bure.

Basi wakarudi. Denise aliingia jikoni kunisalimia, amependeza, ngozi imekolea weusi wa jua, na miguuni mikanda ya kandambili imechora alama. Nikamwuliza bila kupepesa, "Bahari ya wapi ile niliyoisikia kwenye simu?"

Akakaa juu ya ndoo. Methali ya kwetu ikanijia mdomoni, ile ya mficha uchi, nikaimeza haraka, maana kwa mtu kama Denise ingekuwa kisu. Akanieleza yote. Alipomaliza nikamweleza na mimi habari ya mkono wa Mama Orpha. Sijaona uso wa mtu ukizeeka haraka vile.

Octave alikuwa mlangoni, amesikia. "Tunyamaze," akasema. "Upike uji, bakunywe, ipite. Ukisema sasa utabaumiza mara ya pili."

"Na mukono wake?"

"Mukono utapona."

"Alikuwa mama yangu siku ya ndoa, Octave. Wewe ulimupa mbuzi kwa mikono yako."

Octave si mtu mbaya. Alikuwa na aibu, na mwanamume mwenye aibu hutafuta njia fupi. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumamosi wanawake wakaja uani kwetu. Walikuwa wamekonda, hata wale wanene walikuwa na kitu kimepungua shavuni. Denise alipika uji wa mtama na karanga tangu alfajiri, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Mama Orpha aliketishwa kiti cha katikati, bendeji mpya, kitambaa cheupe kichwani. Wakaimba. Denise akaanza kugawa: akapiga magoti mbele ya Héritière, mwimbishaji wa kwaya, akampa kikombe mkononi, akapiga magoti mbele ya anayefuata. Hakuna aliyekunywa, maana wananywa pamoja. Mimi nilikuwa dirishani na ungo wa mchele ambao nilishaumaliza kuuchagua zamani.

Akafika kwa Mama Orpha. Mama Orpha akanyoosha mkono mmoja, ule mzima, kukipokea. Denise hakukiachia.

"Mama, sikuendaka hospitali," akasema. "Hakuna munganga aliniona. Tulienda kutembea. Tulikuwa kwenye bahari, tunakula, tunalala. Na ile siku nilisema mungojee, ni miye nilitaka kubakia. Mulikuwa munafunga na miye niko nakula samaki."

 Mtu mmoja nyuma alianza kusema "Yesu" akaishia katikati. Denise alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanadondokea kwenye kanga yake, na mikono yote miwili imekishika kikombe.

Mama Orpha akaushusha mkono wake. Kisha akauliza, "Na ile mashine?"

"Ilikuwa maji, mama. Maji ya bahari."

Mama Orpha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. "Leta," akasema. "Niko na njaa."

Akakichukua kikombe akanywa mpaka mwisho. Wengine wakanywa. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeinuka kuondoka, na naapa ingekuwa nafuu wangetukana. Walipomaliza kila mmoja akaosha kikombe chake bombani, akakipanga, akaaga kwa adabu. Héritière alisema asante kwa uji.

Toka siku hiyo hakuna aliyemgusa Denise tumbo. Kanisani wanamsalimia, wanamwachia nafasi kwenye benchi, wanakuja saluni kusukwa wakicheka naye kama kawaida. Mambo ya mtoto hawayataji kabisa. Hata yule mwanamke wa foleni ya teksi alimpita akampungia mkono. Ule utulivu aliovuka bahari kuutafuta, sasa anao hapahapa, bure, kila siku.

"Hawanishike tena, dada Zabibu," akaniambia jioni moja.

"Si ndivyo ulivyotaka?" nikamjibu. Nilikuwa na hasira naye bado, siku zile nilikuwa namwona Mama Orpha akigeuza mahindi kwa mkono mmoja. Denise akasema ndiyo, ndivyo nilivyotaka, kisha akaegemea sinki akalia kilio cha mtu aliyefiwa. Hasira yangu ikaniishia hapo. Nikamfuta uso kwa taulo la vyombo, sikuwa na kingine.

Jana Mama Orpha alikuja kusukwa. Huja kila nywele zikikua, na Denise humsukia hapa uani, si saluni. Bendeji imeshatolewa, mkono umebaki na kovu la waridi kutoka kiganjani mpaka juu. Denise alimsuka mistari myembamba, hawakuzungumza sana, bei ya nyanya, mvua. Alipofunga wa mwisho akazunguka mbele, akachuchumaa. Akaushika mkono ule wenye kovu kwa mikono yake miwili, polepole asimwumize, akauweka tumboni mwake.

Mama Orpha akatazama ukutani. Nilingoja aombe, mimi Mwislamu nimesimama na beseni la nguo, nangoja sala ya kanisa la watu. Hakuomba. Wala mkono hakuuondoa. Walikaa hivyo mpaka Octave akapiga hodi getini na mkate, na Denise ndiye aliyeinuka kwenda kumfungulia.