Aliyefunga Breki Hukaa Kiti cha Mbele

Siku ile ya kwanza kwenye karakana ya misheni, Mbinga, walikuwepo Bruda mkuu wa karakana, fundi mkuu Mzee Ndunguru, Gaudensia mtunza stoo, dereva wa gari la zahanati, na mimi, Beata, niliyeacha shule darasa la tano. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa na wadogo watatu wa kulisha. Bruda alinitazama miguu yangu peku, akasema, "Binti, utaosha vyuma kwa dizeli. Usipochoka, utafundishwa."

Sikuchoka. Nilifundishwa breki. Breki husukumwa na mafuta yaliyomo kwenye mabomba membamba. Hewa ikiingia humo, pedali hulegea na mguu huzama kama kwenye matope. Kwa hiyo baada ya kufunga, mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulegeza nati ndogo gurudumuni, mpaka hewa yote itoke. Kisha ilifuata kanuni ya Mzee Ndunguru: fundi aliyefunga breki hukaa kiti cha mbele, kando ya mwenye gari, mpaka chini ya mteremko na kurudi.

"Ukiogopa kupanda," alikuwa akisema, "rudi ukafungue ulichofunga."

Niliishika kanuni hiyo hata nilipohamia Matiri kwenye malori ya kahawa. Mkuu wa Usafirishaji alinifokea kwamba namalizia watu mafuta. "Beata, wewe ni fundi au abiria?"

"Vyote viwili, Mkuu." Nikapanda. Nimestaafu bila kuzika mteja.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaoshika spana leo, maana nina hasira na sitaificha.

Mwezi wa tatu mwaka huu mdogo wangu wa mwisho, Kasto, alipeleka kirikuu chake, kigari cha mizigo anachoshukia nacho ziwani kufuata dagaa, kikafungwe breki mpya kwenye karakana moja ya kisasa mjini. Nilimsindikiza. Tulikaa toka asubuhi mpaka saa tisa kwenye viti vya plastiki, mbele ya televisheni. Nilipotaka kuingia kuona kazi, binti wa mapokezi alinizuia.

"Shikamoo, bibi. Wateja hawaruhusiwi ndani."

"Marahaba. Mimi ni fundi, mwanangu."

"Fundi cherehani?" akauliza karani wa kando yake. Wakacheka wote.

Gari lilipotolewa, Kasto alikanyaga pedali. "Dada, mguu unazama."

Nilimwambia fundi wao kwamba mabomba yana hewa. Akanionyesha simu. "Bibi, humu imeandikwa kazi imekamilika. Breki mpya huwa hivyo, itazoea."

"Basi panda, twende wote mpaka mteremkoni."

"Utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu, au roho yako?"

Akageuka, akarudi ndani. Kasto alikuwa ameshasaini karatasi ya kupokea gari. "Dada, tumeaibika vya kutosha," akasema. "Wavuvi wananisubiri." Nami, niliyeweza kuitoa hewa ile palepale uwanjani kwa spana moja, nilinyamaza kwa sababu nimechekwa. Hilo sijajisamehe. Aliniacha sokoni, akaondoka peke yake.

Kwenye mteremko wa pili pedali ilifika sakafuni na gari halikusimama. Kasto alilielekeza shambani kwa mjane mmoja, Mama Skolastika. Kilichomwokoa ni ngolo, yale mashimo tunayochimba milimani ili maji yasichukue udongo. Kirikuu kilivunja safu baada ya safu, mpaka kikakwama. Kasto alivunjika mkono. Yu hai.

Nilirudi karakanani. Meneja wa huduma alinisogezea karatasi. "Mama, mteja alisaini kwamba amepokea gari likiwa salama."

"Alisaini kwa kalamu. Pedali hukanyagwa kwa mguu."

"Andika malalamiko yako. Tutakupigia."

Mpaka leo hawajapiga. Wana mashine ya kuinua gari ambayo sisi hatukuiota. Sisi tulilala chini ya magari, matope mgongoni. Lakini katika watu wote wale wenye sare safi hakupatikana mmoja wa kupanda kiti cha mbele. Kama huwezi kupanda gari ulilotengeneza, hiyo si kazi. Ni mtego unaomtegea mtoto wa mwenzio.

Tulipokwenda kwa Mama Skolastika kuomba radhi, alitusikiliza mpaka mwisho. "Maharage hayapandwi kwenye pole," akasema. "Nirudishieni ngolo zangu kabla mvua haijakatika."

Basi kustaafu kwangu kumekuwa jembe. Kasto hulaza nyasi miraba miraba, kazi ya wanaume, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umefungwa shingoni. Mimi huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Jana Mama alipita kukagua. Alikanyaga ukingo mmoja kwa kisigino, ukabomoka.

"Huu rudia, fundi."

Nikaurudia. Yamebaki mashimo kumi na manne.