Tumbo la Ferdl Nowotny

"Shangazi, kwa nini hukumwuliza Ferdl mwenyewe?"

Gusti alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo, na shangazi yake, Mwalimu Hermine Wessely, akaendelea kumenya viazi kana kwamba jikoni hamna mtu.

Hermine alifundisha Ottakring, upande wa Vienna wenye viwanda na madobi. Kila Jumanne alasiri madawati yalisogezwa ukutani, wazazi wakaleta watoto waliowashinda, naye akawashauri hadharani mbele ya walimu wenzake. Aliamini kwamba mtu ni mmoja, mzima: hakuna tumbo peke yake wala roho peke yake, na kila afanyacho mtoto, hata kuugua, kina mahali kinapoelekea. Kwa imani hiyo alikuwa amewanyoosha wengi: vikojozi, wezi wa peremende, na yule msichana aliyeuma wenzake. Gusti, akisubiri kule nyuma arudishwe nyumbani, alimwona shangazi yake ni mganga asiyehitaji tunguri.

Kisha akaja Bi Nowotny, dobi, na mwanawe Ferdl wa miaka tisa. Tumbo, kila asubuhi.

"Tumbo likipona leo, atafanya nini?" Hermine aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Mgonjwa wa kweli, aliwafundisha wenzake, hujibu kwamba maumivu yatakwisha, basi. Anayejificha hutaja kile anachokikimbia.

Ferdl akafungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Atafanya hesabu, Mwalimu! Hesabu ndiyo adui yake huyu."

"Hata mimi nikiona hesabu tu, tumbo linanikata!" akadakia Mwalimu Hudetz. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha makofi.

"Basi, mama, usimbembeleze," Hermine akasema. "Akilalamika, nyamaza. Mpe mkoba aende."

"Hata chupa ya maji moto nisimpe?"

"Hata hiyo."

Nani abishane na mwalimu? Alhamisi Ferdl alikwenda shule amejikunja. Ijumaa akaanguka kwenye ngazi. Hospitali wakakuta kidole tumbo kimepasuka, na Jumapili akafa.

Mazikoni Bi Nowotny hakutukana mtu. Alimshika Hermine mkono, akamwambia, "Nilinyamaza, Mwalimu, kama ulivyosema. Alinililia, nikanyamaza."

Walimu wenzake Hermine hawakumlaumu; bahati mbaya, walisema. Akaendelea na Jumanne zake, ila sasa mzazi aliyemjibia mtoto alikatizwa kwa ukali hadi akaona haya. Mwaka 1934 serikali mpya ikavifunga vituo vya ushauri kama hicho chake na kuwafukuza walimu wake, na Hermine akaishia kupiga pasi mashati ya watu, kwa dobi.

Gusti alikuwa na miaka kumi na sita, wakikunja mashuka pamoja, shangazi aliposema bila kuulizwa:

"Nilimwona anataka kusema. Lakini walikuwa wameshapiga makofi."