Nilivyokunywa Chai ya Ukweni kwa Sikio

Haya, chekeni mmalize, maana aibu yenyewe nishaizoea.

Mnajua nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Shirere. Jumamosi ile Nanjala (huyu ndiye niliyetaka kumwoa) alikuwa amepanga nionane na babake kwa video, mzee akiwa kwake Malava, na akanionya kwamba akinikataa, habari ya ndoa imeishia hapo. Asubuhi hiyohiyo simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Mtu mwenye akili angeazima simu ya jirani. Mimi, mtaalamu, nikaweka kwenye kompyuta ya dukani programu ya kuifanya ijidai simu, na kweli video ya simu ikafunguka, nikajipigia makofi, kisha nikajiona: uso umelala ubavu! Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, wapi! Kamera iko ndani ya skrini, na skrini nimeikaza mezani kwa skrubu kwa sababu ya wezi.

Na mzee huyo, anapiga. Basi nikalala ubavu kwenye benchi la wateja, tai nimeibana kwa stepla isining'inie, na kwenye skrini nikaonekana nimeketi wima, mwanamume kamili.

"Mulembe, kijana."

"Mulembe, Baba," nikajibu, shingo inaniuma.

Akaniuliza kazi, kanisa, watu wa kwetu, akaanza kutabasamu, nami nikajua mke nishapata. Ndipo mamake Nanjala akaleta chai.

"Na wewe si uko na chai hapo?" mzee akasema. "Kunywa na sisi. Hapa kwangu tunakunywanga na mgeni."

Kikombe changu cha asubuhi kilikuwa kando ya kompyuta (bahati nzuri kilishapoa). Ningekataaje chai mbele ya baba mkwe? Nikakipeleka mdomoni polepole, lakini chai haikujua kwamba tunajidai, ikapita shavuni moja kwa moja hadi sikioni.

"Nanjala, kuja uone!" mzee akamwita binti yake aliyekuwa jikoni. "Chai ya huyu inaendanga kando!"

Nikashtuka, nikaketi, na kwao ikawa nimeanguka ubavu. "Amekufa!" mamake akapiga yowe. Wakati huohuo mteja mmoja, mama aliyeleta barua ya kuchapishwa, akaingia, na wao Malava wakamwona anatembea ukutani!

"Shindwe!" mzee akanguruma kama anayekemea pepo, akakata.

Niliazima simu ya yule mama (jambo nililopaswa kufanya tangu asubuhi), nikampigia Nanjala, nikaeleza yote. Mzee akasema niende mwenyewe, miguu ikiwa chini, ndipo aamue. Nikaapa: simu ikiniharibikia tena, naazima, hata ya adui.

Nilipofika Malava nilikuta ndugu wote sebuleni, hakuna anayecheka. Nikaketi wima mpaka mgongo ukauma. Chai ikamiminwa. Kabla sijagusa kikombe mzee akainuka, akaingia chumbani, nami nikadhani ameenda kuchukua fimbo. Akarudi na mto, akauweka taratibu kwenye kochi kando yangu.

"Mwanangu," akasema, "lala unywe chai yako."