Timu Yangu ya Wateka Maji

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, waendeshaji baiskeli walipoanza kupanda mlima, nilikuwa mbele ya televisheni ya hoteli moja mjini Machakos na wenzangu saba wa ofisini. Walimu tulioshindana nao kubashiri mbio za baiskeli za Ulaya walikaa meza ya pili. Kila upande ulikuwa umechagua waendeshaji tisa. Wenye pointi nyingi wangechukua michango yote, shilingi mia mbili kwa kila mtu.

Wenzangu waliniachia mimi uchaguzi, kwa kuwa nilijifundisha mchezo huo mwenyewe. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeandika daftarini nani aliongoza kwa kilomita nyingi zaidi kila siku. Nani alifika wa kwanza sikuandika. Niliona hiyo ni bahati tu.

Sasa watu wangu, mmoja baada ya mwingine, walirudi nyuma hadi kwenye gari la timu, wakajaza chupa za maji ndani ya jezi na kuwapelekea wengine. Mtangazaji akaeleza kwamba hiyo ndiyo kazi yao: kukinga upepo na kubeba maji ili kiongozi wao ashinde.

Kioko wa stoo akaweka kikombe chini. "Mzee, wote tisa?"

"Wote."

"Kama ni kuteka maji, si ungechagua punda wa kwetu Katangi?"

Walimu walicheka hadi mpishi akatoka jikoni. Mwisho wa mwezi nilimrudishia kila mwenzangu mchango wake. Pamoja na wangu, nilipoteza shilingi elfu moja na mia sita.