Dishi Lililotazama Kwingine

Mnunuzi wa vyuma chakavu ameling'oa dishi la mama juu ya paa bila hata kuniuliza. Harufu ya kutu iliyolowa mvua imenirudisha dukani Kasulu, nikiwa mtoto, nimeshikilia kitenge cha mama.

Mwenye duka alitusogezea dishi dogo jipya. "Chukua hili, mama. Unalipia kila mwezi, unapata mpira na sinema zote."

"Mpira atauangalia nani? Nataka televisheni ya Burundi. Nipe lile kubwa, la bure."

"Lile? Si unaona limebonyea?"

"Limebonyea, halijafa."

Tulilisafirisha hadi Kibondo juu ya basi, katikati ya magunia ya maharage. Madishi yote ya mtaani kwetu yalitazama upande mmoja. Fundi alipoligeuza letu upande mwingine, jirani alikuja uani kucheka.

"Dishi lenu limekosea njia!"

"Kaa hapo usubiri," mama alimjibu.

Picha ilikuja na chenga. Mtangazaji akasalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe." Bibi yangu, ambaye tangu akimbie kwao Burundi alikuwa kimya kila Kiswahili kilipozungumzwa, alijiweka sawa mkekani. Akaitikia kwa sauti kubwa, "Mwiriwe neza!" Kisha akamuuliza yule mtangazaji kama mvua imenyesha huko.

Mama alimgeukia jirani. "Haya, niambie limekosea wapi."

Sasa mnunuzi anasubiri nitaje bei. Nimemwambia alirudishe juu, na alielekeze kulekule.